Uzi: Mama mzima wa Nairobi, mara ya mwisho kupimwa presha ilikuwa lini?

Nesi wa Eastlands

Habari zenu wote. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Maswali nitayajibu kadiri ninavyopata nafasi baada ya zamu.

Mimi ni nesi. Mbali na kazi ya kliniki, wikendi hualikwa kwenye vyama vya akina mama kupima presha na sukari. Nimepima Kayole, Eastleigh, Ngara, Kawangware. Kote huko nakuta ugonjwa wa moyo umeshapewa wenyewe. Kawangware wananiambia ni wa Wahindi, kwa sababu ya samli. Ngara wananiambia presha ni ya Waafrika, shida yao wao ni sukari. Eastleigh mama mmoja alinieleza kwa upole kabisa kwamba aliyelelewa kwa maziwa ya ngamia hasumbuliwi na moyo. Na katika kila mtaa kuna wanaokaa pembeni bila kukunja mkono wa nguo: nesi, mimi ni mzima, nimekuja tu kuwasindikiza wenzangu.

Hao wanaosindikiza wenzao ndio ninaowaandikia leo.

Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoua watu wengi zaidi duniani. Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 17.9 mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya aina hii hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yetu ikiwemo. Kwa wanawake ni karibu kifo kimoja katika kila vitatu. Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kwa watu wa miaka 18 hadi 69 ulikuta karibu mtu mmoja katika kila wanne ana presha ya juu. Asilimia 56 walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani. Wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 38.5 ya wanawake, na asilimia 17.5 ya wanaume. Nikisikia mama anasema ugonjwa wa moyo ni wa wanaume wenye vitambi, huwa nakumbuka asilimia hizo mbili za mwisho.

Sasa tuje kwenye makabila na asili.

Daktari akitaka kujua uwezekano wako wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo, anatumia jedwali. Anaweka umri, jinsia, presha, kolesteroli, sigara na kisukari, anapata asilimia. Lakini kila jedwali limetokana na watu fulani. Lile lililotangulia kujulikana lilitoka mji wa Framingham, Massachusetts, ambako mwaka 1948 walianza kuwafuatilia watu 5,209, wake kwa waume, karibu wote Wazungu. Hesabu ya Marekani ya mwaka 2013 ilikuwa na makundi mawili tu, Mzungu na Mmarekani mweusi. Mwanamke mwenye asili ya Gujarat au ya Uchina alihesabiwa kwa kipimo cha Mzungu. Waingereza, kwenye hesabu yao iitwayo QRISK, walitenga Wahindi, Wapakistani, Wabangladeshi, Waafrika, Wakaribi na Wachina. Kisha mwaka 2023 Wamarekani wakaja na hesabu mpya, PREVENT, wakaliondoa suala la rangi kabisa na kuingiza hali ya figo. Wataalamu wazuri pande zote mbili, na hawajakubaliana asili ya mtu iwekwe wapi.

Sisi tuna majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, yaliyogawanywa kwa kanda 21 za dunia, na Afrika Mashariki ina lake. Liko la kutumia vipimo vya maabara, na liko lisilohitaji maabara, ambalo badala ya kolesteroli linatumia uwiano wa uzito na urefu (BMI). Hilo la pili nalipenda sana. Naweza kulitumia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kanisa.

Ila wanawake walio chini ya miaka 50 wajue jambo moja. Katika jedwali lolote, umri ndio unaovuta kuliko vyote. Mama wa miaka 42 mwenye presha ya 152/96 anaweza kabisa kuangukia kwenye rangi ya kijani, yaani hatari ndogo, kwa sababu tu bado ni kijana kwa hesabu ile. Wapo wanaoonyeshwa kijani hicho wakarudi nyumbani wamefurahi. Presha ikifika 140/90 au kupita, ikarudiwa siku nyingine ikabaki palepale, hiyo ni presha ya kutibiwa, jedwali liseme lisiseme.

Tofauti za asili zipo, na nawaeleza zile ambazo tafiti zimezirudia mara nyingi.

Kwa wanawake wenye asili ya Asia Kusini, mafuta hujikusanya ndani ya tumbo mapema, hata mwili ukionekana mwembamba. Kisukari huwaanza wakiwa na umri mdogo na uzito mdogo kuliko wengine. Ndiyo maana mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri kwamba kwa watu wa Asia uangalizi uanze uwiano wa uzito na urefu ukifika 23, wakati kwa wengine tunasubiri 25.

Kwa sisi wenye asili ya Afrika, mzigo mkubwa ni presha na kiharusi. Halafu kuna mtego kwenye karatasi ya maabara. Mafuta yaitwayo trigliseridi kwa wanawake wa asili ya Afrika mara nyingi hubaki chini hata pale mwili umeshaanza kushindwa kuitumia insulini, ile homoni inayoshusha sukari. Mama anaonyeshwa namba, anaambiwa mafuta yako ni mazuri, anaondoka ametulia, kumbe sukari iko njiani. Pia lipoproteini-a, aina ya mafuta ya damu unayorithi kwa wazazi na ambayo chakula hakiigusi sana, huwa juu zaidi kwa watu wa asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu. Kipimo chake ni nadra kuagizwa. Kama mzazi au ndugu yako alipata mshtuko wa moyo akiwa bado kijana, kiulizie.

Na kuna jambo lisilochagua kabila. Marekani walianza mwaka 1996 kuwafuatilia wanawake 3,302 wa miaka 42 hadi 52 wa makundi matano: Wazungu, weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, Wachina na Wajapani. Walipotazama kolesteroli mbaya, waliona inapanda kwa kasi katika kile kipindi cha mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho. Ikapanda kwa makundi yote. Kwa hiyo dada, ukianza kusikia joto la ghafla usiku na hedhi kuruka miezi, kolesteroli yako ya mwaka juzi usiitegemee tena.

Naendelea hapa chini, maana nimeanza kuona maswali.

Mkweli Daima

Nesi, kwa heshima, huu si ukabila tena hadi kwenye moyo? Nchi hii imeumia vya kutosha kwa mambo haya.

Nesi wa Eastlands

Ndugu, hofu yako naielewa. Mimi asili ya mtu natumia kuamua nianze kuangalia wapi. Sitaitumia kamwe kuamua nani nisimpime. Ubaya unaingia pale mama anapoambiwa kwamba watu wa kwenu hawaugui hivi.

Na hata hilo kundi liitwalo "mweusi" ni pana mno. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi za kinasaba kuliko bara lingine lolote. Unamchukua Msomali wa Garissa, Mkamba wa Machakos na Mluo wa Siaya, unawaweka pamoja, kisha unawapa hesabu iliyotengenezwa kwa Mmarekani ambaye mababu zake wengi walitolewa Afrika Magharibi na ya Kati. Ndiyo sababu nafurahi kwamba Korogocho na Viwandani zimekuwa zikifuatiliwa na watafiti wa afya waliopo hapahapa Nairobi tangu mwaka 2002. Tunahitaji hesabu zilizotoka kwetu.

Ila ushahidi ninaoupenda kuliko wote kuhusu hoja yako ni wa zamani kidogo. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa vijana wa Kiluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuja kuishi Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Kabila moja, damu moja, mababu walewale. Waliokuja mjini presha yao ilianza kupanda mapema tu baada ya kufika. Mkojo wao ulipopimwa ulikuwa na sodiamu zaidi, ile ya kwenye chumvi, na potasiamu pungufu, ile tunayoipata kwenye mboga, ndizi na maharagwe. Uzito uliongezeka, na moyo ulipiga kwa kasi zaidi. Kabila halikubadilika njiani. Kilichobadilika ni sahani, na maisha.

Akinyi wa Donholm

Hii imenigusa. Nyumbani tulikula mboga za osuga na dek, samaki wabichi, chumvi kidogo. Hapa mjini natoka kazini saa moja usiku, nafika stejini nina njaa, nakula chipsi na smoki pale pale. Muuzaji anamwaga chumvi kabla hata sijasema.

Nesi wa Eastlands

Asante dada, umeeleza vizuri kuliko mimi. Pendekezo ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hapo imehesabiwa ya kwenye mkate, soseji, viungo vya pakiti na supu ya kibandani. Mwambie muuzaji usiweke, nitajiwekea mwenyewe. Wengi wanakubali. Na smoki ina chumvi yake tayari, hata kabla ya kachumbari.

Siwalaumu akina mama kwa hili. Mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku hana saa ya kupika osuga. Saa za kazi, nauli na bei ya mboga ni mambo ya afya ya moyo, na viongozi wetu wanapaswa kuulizwa hivyo.

Chai ya Ngara

Nimesoma sehemu ya Asia Kusini mara mbili. Mama yangu hajawahi kuwa mnene, hali nyama, hajawahi kugusa sigara. Alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka hamsini na kidogo. Siku tatu kabla alikuwa anasema mgongo unauma na amechoka. Sote tulidhani ni kazi za harusi. Sisi Wakenya wenye asili ya Asia tangu 2017 ni kabila la 44 rasmi, ila kwenye mabango ya afya sijaona mtu anayefanana na mama yangu.

Nesi wa Eastlands

Pole sana, dada. Mpe mama salamu zangu, na natumaini anaendelea vizuri.

Umetaja mambo mawili ninayotaka kila mtu ayaone. Kwanza, kutokula nyama hakumkingi mtu ikiwa sahani imejaa wali mweupe, vitu vya kukaanga na sukari kwenye chai. Kiuno chake ndicho kingetuonya mapema kuliko mizani. Pili, dalili. Maumivu ya kifua bado ndiyo yanayotokea zaidi hata kwa wanawake, lakini wanawake kuliko wanaume huja na uchovu usioelezeka, pumzi kukata, kichefuchefu, maumivu ya mgongo, taya au shingo. Yakija kwa pamoja au ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri harusi iishe.

Wewe na dada zako, kwa sababu ya historia ya mama, msisubiri miaka 40. Pimeni sukari na kolesteroli sasa.

Nesi wa Eastlands

Niongeze hapa namna ya kupima kiuno, maana nimeulizwa faraghani na watu wengi.

Utepe wa fundi wa nguo unatosha kabisa. Usipime pale sketi inapofungwa. Vua sweta na leso, papasa mbavu ya mwisho chini, papasa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, utepe upite katikati ya hapo pande zote, na utepe wenyewe uwe sambamba na sakafu. Toa pumzi kawaida, usibane tumbo, soma. Shirikisho la kimataifa la kisukari linaweka mpaka wa sentimita 80 kwa wanawake wa Asia Kusini na vilevile kwa Wazungu. Kwa sisi wa kusini mwa Sahara, lilisema tutumie kipimo cha Wazungu hadi data zetu zipatikane. Mkiona mahali pameandikwa 88, hicho ni kipimo cha zamani cha Marekani. Mimi kwenye chama nashika 80 kwa wote, halafu tunazungumza.

Chama kimoja cha Kayole walianza kwa kucheka wakifungana tepe, na mwenye mwili mkubwa kuliko wote akakuta kiuno chake si kikubwa walivyodhani, mwili wake uko kwenye nyonga na mapaja. Dada mwembamba aliyekaa pembeni akapita mpaka. Wote wawili tukawapima presha na sukari. Umbo halisomeki kwa macho.

Binti wa Section One

Nesi, Eastleigh huku tukienda kupimwa presha kwenye maduka ya dawa mkanda unafungwa juu ya nguo. Duka limejaa watu, huwezi kufunua mkono. Hiyo namba ni ya kweli?

Nesi wa Eastlands

Hapana, haiaminiki, na wewe una haki ya kupimwa vizuri bila kuvunjiwa heshima. Omba chumba cha ndani au pazia, na ukitaka mhudumu wa kike sema. Nguo ndani vaa yenye mkono mpana unaopanda hadi begani, buibui juu yake, itakurahisishia. Kaa umeegemea, miguu sakafuni usipishanishe, tulia dakika tano bila kuongea, mkono ukae usawa wa moyo. Usitoke kupanda ngazi ukapimwa hapohapo, wala usiwe umetoka kunywa chai au kahawa. Na mkanda uwe saizi yako. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba kuliko ilivyo. Nimewaona akina mama waliowekwa kwenye dawa kwa sababu ya mkanda mdogo, na hilo linaniuma.

Mama Shiku

Mimi nina miaka 34. Mimba ya pili nilipata presha, miguu ikavimba, wakasema ni kuelekea kifafa cha mimba, mtoto akatolewa mapema. Ikashuka yenyewe. Sijarudi kupima tangu hapo, mtoto sasa anaenda shule. Naomba unijibu ukweli.

Nesi wa Eastlands

Nakujibu ukweli, mama, na nakushukuru kwa kuuliza.

Mwanamke aliyepata hali hiyo ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata ugonjwa wa moyo baadaye ukilinganisha na ambaye hakuipata, na karibu mara nne wa kupata presha ya kudumu. Haimaanishi utaugua. Inamaanisha wewe hukupaswa kuachwa uende bila tarehe ya kurudi. Wanaokuhudumia wanapomaliza chanjo za mtoto, mama husahaulika, na hilo ni kosa letu wahudumu. Nenda wiki hii upime presha, halafu kila mwaka, pamoja na sukari. Taja hiyo mimba kila unapoonana na daktari mpya, hata kama umeenda kwa mafua.

Waliopata kisukari cha mimba, wanawake waliokoma hedhi kabla ya miaka 40, na wenye lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), nanyi mwambieni daktari. Majedwali mengi hayaulizi mambo hayo.

Na kwa aliyejifungua karibuni: ukishindwa kupumua ukilala chali, ukaamka usiku kutafuta hewa, miguu ikavimba, usiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha. Kuna udhaifu wa misuli ya moyo unaokuja mwezi wa mwisho wa mimba au miezi michache baada ya kujifungua, na huwapata zaidi wanawake wa asili ya Afrika. Hospitali, siku hiyo.

Mzee wa Embakasi

Mama watoto anatumia amlodipini, dawa ya presha. Rafiki yake wa Parklands amepewa dawa tofauti na anamwambia hiyo yake ni ya watu maskini. Anataka kuacha.

Nesi wa Eastlands

Shikamoo mzee. Mwambie asiache, tafadhali. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, kwa wagonjwa weusi zaidi ya 700, wengi wao wanawake. Walilinganisha michanganyiko mitatu ya dawa mbilimbili. Miwili iliyokuwa na amlodipini ilishusha presha vizuri zaidi kuliko ule usiokuwa nayo. Ni dawa nzuri ambayo bahati njema pia ni nafuu. Ikimvimbisha miguu, arudi kwa daktari wapange upya.

Rafiki wa Parklands naye pengine amepewa inayomfaa yeye. Tahadhari moja: dawa za presha za jamii ya perindopril na enalapril hazitumiki katika ujauzito. Binti yeyote anayezitumia na anafikiria mtoto amwone daktari kwanza.

Akinyi wa Donholm

Swali la mwisho. Asiye na pesa ya maabara mwezi huu aanzie wapi?

Nesi wa Eastlands

Aanze na presha na kiuno. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, na mashine ya presha imo. Muulize wa mtaani kwako, au nenda zahanati ya kaunti iliyo karibu. Sukari ya kidoleni ifuate, ya asubuhi kabla ya kula, kolesteroli ukipata nafasi. Nunua daftari dogo. Andika tarehe, saa, mkono uliotumika, namba zote mbili za presha, na kama asubuhi hiyo ulikuwa umemeza dawa. Ukienda kwa daktari nenda nalo.

Jumamosi ijayo niko Kayole. Nitaujibu uzi tena Jumapili jioni.